Vugo Lisilo la Harusi

Tangu nilipokabidhi ufunguo wa chumba cha mazoezi, wenzangu wadogo wananijia nyumbani kila Ijumaa baada ya swala. Wanakunywa kahawa yangu, wanamaliza kashata zangu, kisha wananiuliza jambo lile lile: "Bi Zuhura, ilianzaje hata watoto wenye mtindio wa ubongo wakawa wanafundishwa kutembea kwa mapigo?" Nimechoka kujibu huku wenyewe wameshiba na wanasinzia. Basi nimeandika. Atakaye jibu asome, na kahawa akanywe kwake.

Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alinuna. Mishahara nayo naiacha, maana hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake akatoka na furaha. Nitaandika mikono, magoti, na watu walionifundisha.

Niliingia hospitali kubwa ya Kismayo nikiwa msichana, miaka michache baada ya bendera ya buluu ya uhuru kupandishwa. Nilidhani nitavaa nguo nyeupe na kushika sindano. Nguo nyeupe nilipewa kweli, ila ilikuwa ya mtu mnene kuliko mimi, na badala ya sindano nikapelekwa chumba cha mwisho kabisa cha ujia, ambako palikuwa na mkeka, mablanketi yaliyoviringishwa, mifuko ya mchanga, na mtoto analia. Mwenye chumba alikuwa Bi Halima, mwanamke wa Mogadishu, mrefu, mwenye viganja vipana, Msomali aliyejifunza Kiswahili chake sokoni kwa kubishana bei za samaki. Hakuniuliza jina. Alinitazama mikono akasema, "Abaayo," yaani dada kwa Kisomali, "kata kucha." Nikakata. Akasema, "Sasa osha kwa maji ya moto. Mkono baridi, mtoto anajikaza. Akijikaza, kazi imekwisha kabla ya kuanza." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza, na mpaka leo sijaona kitabu kilichoanza vizuri zaidi.

Siku zile watoto wote wasiotembea waliandikwa neno moja, "amepooza." Bi Halima hakulipenda neno hilo. Juma langu la kwanza alinifunga macho kwa kitambaa chake cha kichwa, akanilazia mikononi mguu wa mtoto mmoja, kisha wa mwingine. Wa kwanza ulikuwa legevu, ukiuachia unaanguka. Wa pili ulikuwa mgumu, ukiuvuta nao unakuvuta.

"Huu umelala," alisema. "Huu unagombana na wewe. Uliolala, uamshe. Unaogombana, usigombane nao. Utashindwa, na mtoto ataumia."

Mguu uliolala ulikuwa wa polio. Mguu mgomvi ulikuwa wa mtindio wa ubongo. Mama wa watoto hao walikuja na maelezo yao: jicho la jirani, shetani wa ufukweni, chakula walichokula mimba ikiwa changa. Bi Halima alikuwa hawakemei. Aliwaketisha, akawauliza kuhusu siku ya kuzaa, na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba uchungu ulichukua muda mrefu na mtoto alichelewa kulia. Hapo huwaambia kwamba ubongo uliumia siku ile, kwamba hauzidi kuumia, na kwamba haurudi ulivyokuwa, ila mwili unaweza kufundishwa njia nyingine. Kisha huwaambia kwamba si kosa lao. Nimeona wanawake wengi wakilia kwenye mkeka ule, na wengi wao walilia waliposikia maneno hayo ya mwisho.

Vifaa tulitengenezewa na fundi wa mashua, Bwana Shee, aliyekuwa na karakana karibu na bandari. Alitupa reli mbili za mikoko za kushikia mtoto akijifunza kusimama, na kwa mabaki ya mbao alitutengenezea viti vya pembeni, vile vinavyomkalisha mtoto wima asiporomoke. Kiti cha kwanza alikichonga maua mgongo mzima. Nikamwambia, "Bwana Shee, mtoto akishakikalia hayaoni maua haya." Akasema, "Mamake atayaona." Ilikuwa kweli, na kiti kile ndicho kila mama alichokitaka.

Muziki uliingia chumbani mwetu kwa mlango wa nyuma. Bi Halima alipokuwa ananyoosha paja au kisigino kilichokazana, aliimba bembelezo la kwao, la watu wa ngamia, polepole kabisa. Nilidhani anamtuliza mtoto. Siku moja akaniambia kwamba anajituliza mwenyewe. "Mkono wangu una haraka," alisema. "Nikiimba ubeti mzima, siwezi kuuachia mguu kabla ubeti haujaisha." Nami nikaanza kuimba nyimbo za kwetu visiwani, kusini mwa Kismayo, kwa sauti yangu mbaya, na nikaona kwamba msuli unaovutwa kwa wimbo hulegea mapema kuliko unaovutwa kwa nguvu. Baadaye daktari mgeni alituletea kidude cha kugonga mapigo, tik na tak, akatuambia watoto watembee kwa kukifuata. Watoto walikipenda mno. Walisimama wakakitazama. Chumvi ya bahari ikakiua kabla mwaka haujapinduka, na hakuna aliyekililia ila watoto.

Kisha ukaja mwaka Kisomali kilipoanza kuandikwa kwa herufi za Kilatini, kadi zote zikabadilishwa, sisi wakubwa tukapelekwa jioni kusoma upya kama watoto wa chuo cha Kurani. Kadi zikawa mpya, magoti yakabaki yale yale.

Sasa nifike kwa Esha, maana jibu mnalolitaka linaanzia kwake.

Mwana Esha aliletwa kutoka kisiwa cha Chovai na mamake, Khadija, na bibi yake mzaa mama, Bi Mwanakombo. Alikuwa na umri wa mtoto anayeng'oka meno ya mbele, ana akili kali na ulimi mkali zaidi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Miguu ndiyo iliyomkataa: magoti yanagusana, visigino haviteremki chini, na akijaribu hatua mguu mmoja unampita mwenziwe kwa mbele, anajikwaa mwenyewe. Khadija alimbeba mgongoni kila mahali, kisimani, chuoni, msalani. Tena alikuwa mjamzito. Alipoketi kwenye mkeka wetu alisema jambo moja tu: "Dada, siku hizi tukifika mlangoni huketi chini sote wawili, mimi na yeye. Nikizaa huyu mwingine, Esha nitamwacha ndani." Esha alikuwa anasikia. Alitazama dari.

Tulimfanyisha mazoezi siku kadhaa na akaweza kusimama kwenye reli za Bwana Shee. Hatua ndiyo iliyokataa. Ukimwambia "leta mguu," anaufikiria mguu, na akiufikiria unakaza. Nyinyi mnawajua watoto hawa, kadiri wanavyojitahidi ndivyo mwili unavyowakatalia.

Bi Mwanakombo alikuwa anangoja kando na kikapu chake. Bibi huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa vugo Chovai. Kwa msomaji asiye wa pwani yetu, vugo ni pembe za nyati ambazo wanawake huzigonga kwa vijiti, wakiimba na kutembea mjini pamoja, kunapokuwa na harusi. Pembe zikilia, kila mtu anajua kwamba kuna bibi harusi. Na mkuu wa vugo huwa mtu mkali, maana asiyeshika mapigo anaharibia wote. Bi Mwanakombo aliwahi kumtoa dada yake mwenyewe kwenye safu, mbele ya wageni, kwa kukosa pigo moja. Safari ile alikuwa na pembe yake kikapuni, kwa kuwa alialikwa harusi ya jamaa mjini.

Alipochoka kutazama akasema, "Mnamfundisha mwana kutembea kimya kimya, wachu wa wapi nyinyi?" Wachu ni watu, kwa kisemo chetu cha visiwani. Kabla sijajibu akatoa pembe na kuigonga.

Esha aliruka. Mikono ilitawanyika, miguu ikakakamaa kama ubao, akaniangukia kifuani. Sahauni yote mengine mliyosoma hapa lakini hili mlishike: mtoto mwenye misuli mikakamavu hushtushwa na sauti ya ghafla, na akishtuka mwili mzima unafungwa. Bi Halima, ambaye alibakisha miezi michache astaafu, alimchukua mtoto, akamtikisa taratibu mpaka akalegea, kisha akamgeukia bibi kwa adabu zote. "Mama, pembe yako nzuri. Ila inapiga kelele. Ivishe nguo."

Tukaivisha kipande cha leso. Ikatoa sauti ya chini, nzito, tu, tu. Bibi akaanza mwendo wa harusi na nikamwomba apunguze. Akapunguza. Nikamwomba apunguze tena. "Mwanangu," alisema, "hili si vugo tena, huku ni kusindikiza jeneza." Lakini akapunguza, huku akiimba kwa sauti ndogo maneno aliyoyatunga papo hapo: pita mwana pita, njia ni pana pita. Esha akacheka kwa kuwa aliona bibi yake anaona haya. Na katikati ya kucheka, akiwa hafikirii mguu, mguu ukaja. Kisigino kikagusa chini kwenye pigo. Khadija alishika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimelowa jasho, na nilifurahi hata nikasahau kumshika.

Idara ya afya ilikuwa na mashua ya mota ya kupeleka chanjo visiwani, nikaomba niifuate Chovai kila ilipokwenda, nikae siku chache kila safari. Bwana Shee alimchongea Esha mikongojo miwili mifupi. Asubuhi ya kwanza tulifungua kazi uani kwa Bi Mwanakombo, kabla jua halijawa kali. Bibi akagonga pembe iliyovaa leso, mimi nyuma ya Esha, Khadija mbele yake.

Hatukuwa tumefikiria majirani.

Bi Mwanakombo alikuwa na mjukuu mwingine, Rukia, dada yake Esha, msichana mkubwa, na watu wa kisiwa jirani cha Chula walikuwa wameshapeleka maneno ya kumposa kwa kijana wao. Sasa pembe inalia uani kwa mkuu wa vugo, asubuhi, tena inalia kwa siri, imezibwa nguo. Kijiji kizima kilielewa jambo moja: Rukia anaolewa kimya kimya, na si na mtu wa Chula. Kabla hatujamaliza mzunguko wa pili wa ua, mlangoni pameshajaa wanawake waliovaa leso mpya. Mmoja alikuwa na sahani ya halwa. Shangazi yake Rukia aliingia mbele yao wote, mikono kiunoni.

"Mwanakombo! Mimi ni mchu wa kuambiwa na majirani?"

"Uambiwe nini?"

"Harusi!"

"Harusi ya nani?"

Shangazi akatazama uani. Aliniona mimi, akamwona Esha na mikongojo yake, akaona hakuna bwana harusi wala ubani. Akamnyang'anya mwenziwe sahani ya halwa na kuketi. "Basi endeleeni," alisema. "Mimi nimekwisha kuvaa."

Tungecheka na kumaliza, ila habari ilikuwa imeshavuka maji. Siku ya pili yake wazee wawili walishuka kutoka Chula, wamevaa kofia za Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Msemaji wao alikuwa Mzee Lali, ami yake kijana. Alikataa kahawa. Kwetu mtu akikataa kahawa, jambo limefika mbali.

"Bi Mwanakombo," alisema, "sisi wachu wazima. Mkiona hatufai, mngetuambia. Kutupigia pembe kwa kuziba nguo, hilo hatujalitenda sisi kwa mchu yeyote."

Rukia alikuwa jikoni, namsikia analia. Bibi hakujitetea. Aliinuka akasema, "Ndoo huku, Mzee Lali, umuone bibi harusi." Akawaongoza uani, akaninyoshea kidole kwamba tuanze. Tukaanza. Esha, kwa kuwa anatazamwa na wageni wa heshima, alitoka jasho lakini alivuka ua wote kwa pembe ya bibi yake. Mzee Lali alitazama mpaka mwisho. Kisha aliketi juu ya kinu kilicholala, akavua kofia, akajipangusa uso kwa kofia ile ile, na akaitisha kahawa.

Tangu hapo tukawa na wasaidizi kuliko tulivyotaka. Wanawake walikuja na pembe zao kila asubuhi, zote zimevishwa nguo, na Esha akatembea uani, akatoka mlangoni, akafika kisimani na kurudi. Khadija akajifungua salama, mtoto wa kiume, akalia mara tu alipotoka. Nilirudi Kismayo nikijiona fundi.

Safari iliyofuata niliona kilichobaki. Bi Mwanakombo alikuwa na pumu. Tulikuwa njiani kutoka kisimani, bibi anagonga, Esha anatembea vizuri, mara kikohozi kikambana bibi na pembe ikanyamaza. Esha akasimama. Mguu mmoja ulikuwa mbele. Alingoja. Hakurudi nyuma wala hakwenda, anangoja pigo tu, magoti yakaanza kutetemeka, hata Khadija akatupa ndoo na kumwahi. Jioni ile Khadija alinifuata.

"Dada Zuhura, sema kweli. Bibi yake akinyamaza siku moja, ndiyo mwanangu atakuwa amenyamaza miguu?"

Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Bi Halima alikuwa ameniusia juu ya jambo hili kabla hajarudi kwao. Alisema mapigo ni kama maziwa ya mama, mtoto huanzia hapo na wala hapati aibu, lakini ipo siku ya kumwachisha, na siku hiyo hulia mtoto na hulia mama. Hakuniambia namna. Nadhani naye alikuwa anaitafuta. Niliogopa, nawaambia wazi. Akilini nilimwona Esha mtu mzima, ameketi ndani, anasubiri pembe ambayo mpigaji wake amezikwa.

Ramadhani ikaingia. Bi Mwanakombo aliitundika pembe ukutani, na nilipofungua mdomo tu akaninyamazisha. "Mwezi huu pembe hailii kwangu, hata umlete daktari wa Mogadishu." Sikumlaumu. Lakini mwezi mzima wa kukaa ungemrudisha Esha kisigino juu, goti limekunjwa, na kazi yote kwenye maji. Nikaomba ruhusa nikakaa Chovai mwezi ule.

Kinu ndicho kilichotuokoa. Alasiri kila nyumba inatwanga kwa ajili ya futari, na sauti ya mchi ni nzito, haishtui. Khadija akatwanga, Esha akatembea. Kisha nikamwambia Khadija awe anatwanga, halafu ainue mchi na kuuzuia juu, hatua moja tu, kisha autelemshe. Mara ya kwanza Esha aligeuka akakasirika.

"Mama, mchi uko wapi?"

"Uko juu."

"Basi nangoja."

"Usingoje, enda!"

"Utelemshe kwanza."

Mamake akaacha mchi juu mpaka mikono ikamuuma, Esha akasimama mpaka magoti yakamuuma, na mimi katikati nina njaa na kiu. Mwishowe Esha alichoka kwanza, akavuta mguu kwa hasira. Hatua ya hasira ni hatua. Kesho yake mchi ulikaa juu zaidi. Tukaendelea hivyo, tunampunguzia kidogo kidogo, na mwandamo wa mwezi ulipokaribia alikuwa anaweza kuvuka ua kukiwa kimya kabisa.

Tatizo ni kwamba Chovai hakuna kimya. Jirani akianza kutwanga, miguu ya Esha inakwenda kwa jirani. Jirani akitwanga kwa haraka, Esha naye huharakisha, mguu unampita mwenziwe, na chini. Mapigo yoyote yalikuwa yanamvuta. Na mfungo mosi, mara tu baada ya Idi, ndiyo harusi ya Rukia.

Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamefikia nyumba ya ncha ya pili ya kijiji, karibu na msikiti, na vugo lilipasa kutoka kwa bibi harusi baada ya alasiri, lipite kijijini, liende kuwaamkia. Pembe zote, hazina nguo, kwa mwendo wa harusi wenyewe. Khadija alitaka Esha abaki kwa jirani. "Ataanguka mbele ya wachu wa Chula," alisema, "na atakumbuka mpaka kufa kwake." Mimi nilishauri abebwe, kisha ateremshwe karibu na mlango atembee sehemu ya mwisho. Nilijiona mwenye hekima.

Esha alisema, "Rukia ni dada yangu. Mchu hubebwa harusini kwa dada yake?"

Nikamwendea Bi Mwanakombo nikamwomba apunguze mwendo, kidogo tu. Alikuwa anapaka pembe yake mafuta. "Mwanangu," alisema, "lile la uani lilikuwa dawa, nikalipunguza ulivyotaka. Hili ni la harusi. Rukia naye ni mjukuu wangu." Alisema kwa upole, akaendelea kupaka mafuta.

Basi tukatoka. Bibi mbele, safu za wanawake nyuma yake, mimi na Esha pembeni mwa safu ya mwisho, mkono wangu karibu na kiuno chake bila kumgusa. Pigo la kwanza lilipolia niliona mabega yake yakiruka na magoti yakigongana. Akasimama. Pembe zikashika mwendo, kali, za haraka, na niliona vidole vya mguu wake vikitetemeka mchangani, vinataka kwenda na pembe. Nilijua akienda nazo ataanguka pale pale. Khadija aligeuka nyuma, mtoto mchanga begani, macho yananiomba nimbebe.

Sikumbeba.

Esha aliinamisha kichwa, akatazama mchanga. Akaweka mkongojo wa kulia. Pembe zikalia, akaziacha zipite. Akaleta mguu, kisigino chini, kati ya pigo na pigo, mahali ambapo hapakuwa na pigo lolote. Akaweka mkongojo wa kushoto. Pembe zikalia tena, hakuzingojea wala hakuzifuata. Akaleta mguu wa pili. Alikwenda hivyo, mwendo wake mwenyewe, mbaya kabisa kwa vugo, hata wanawake waliokuwa karibu nasi wakaanza kupotea miguu, na shangazi yule wa halwa akalalamika, "Mwana huyu anatuharibia mapigo!" Nikamwambia atupite. Wakatupita wote. Tulibaki wawili njiani, sauti ya pembe iko mbele yetu inakwenda mbali, na Esha hakuongeza mwendo wala hakusimama. Nililia njia nzima na sioni haya kuandika.

Tulipofika, kahawa ilikuwa imeshamiminwa na wageni wameshaketi. Mzee Lali alikuwa mlangoni, akajiweka kando na kuinamisha kichwa kama anayempisha mkubwa wake. Esha akaingia kwa miguu yake. Bi Mwanakombo alikuwa ameketi katikati, pembe mapajani, pumzi zimembana, anamtazama tangu kizingitini kwa uso ule aliomtolea dada yake safuni.

"Wewe mwana," alisema, "umekosa mapigo tangu kwetu mpaka hapa. Hata moya hukulipata. Hukuyasikia?"

Esha alikuwa anahema. Aliegemeza mikongojo ukutani, akaketi kwenye mkeka karibu na mmoja wa wanawake wa Chula, akanyoosha miguu.

"Niliyasikia, Bibi," alisema. "Ila nilikuwa na safari yangu."